Gramafoni ya Mkomani: kipi cha kale, kipi cha juzi

Familia moja ya mtaa wa Mkomani, Lamu, ina gramafoni ya tarumbeta ambayo kwa miaka mingi kila mgeni alionyeshwa kabla hajaletewa kahawa. Sanduku lake ni la pembe nane. Tarumbeta ni ya shaba ya manjano, pana mdomoni, imekunjwa petali petali. Mbele ya sanduku kumegongomelewa kibao kikubwa cha shaba chenye mbwa aliyeinamisha kichwa kusikiliza, na chini ya mbwa maneno His Master's Voice, yaani HMV. Familia husimulia kwamba marehemu babu aliinunua Bombay mwaka ule Siti binti Saad alipokwenda huko kurekodi, akarudi nayo kwa jahazi wakati wa kaskazi.

Akaja mnunuzi, mtu wa kupamba nyumba za wageni kule Shela. Akaahidi laki moja na ishirini, ila apate kwanza karatasi ya mtu anayezijua mashine hizi, ikisema kwamba ni HMV halisi ya mwanzoni mwa karne ya 20. Mimi hutengeneza saa na redio mtaa wa Langoni, na gramafoni ni ugonjwa wangu wa siku nyingi, basi mjukuu wa nyumba ile akanijia. Nikamwambia nitaandika nitakachokiona, si kinachotakiwa. Hakuwa na wasiwasi. "Wewe ndoo utazame tu," akasema. Kwake karatasi ilikuwa jambo la kupiga muhuri.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu jibu lake halikuwa "halisi" wala "bandia". Mashine za sura hii zimetapakaa pwani yetu, kwenye hoteli, maduka ya vitu vya kale na nyumba za watu wazima, na mara nyingi hukumu hutolewa kwa kuitazama tarumbeta tu. Mimi tarumbeta huiweka mwisho.

Mwenye haraka, hata hivyo, angeshatosheka na nje. Sanduku la pembe nane lenye tarumbeta ya shaba inayometa ni kazi ya karakana za India, zinazotengeneza mapambo haya kwa ajili ya watalii na wapenda vya kale. Kampuni ya Gramophone ya London, iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19 na ikaja kujulikana kwa alama ya mbwa, iliuza mashine zake nyingi za tarumbeta katika masanduku ya mraba ya mwaloni au mkangazi. Tarumbeta za shaba ilikuwa nazo, hasa zamani za mwanzo, lakini nyingine nyingi zilikuwa bati la chuma lililopakwa rangi, na nyingine mbao. Kwa hiyo shaba peke yake haihukumu. Kinachohukumu ni namna shaba ilivyozeeka.

Shaba ikikaa Lamu, na chumvi hii ya bahari, huzeeka kwa mapendeleo. Penye mikunjo na penye jasho la ukuta hufanya kutu ya kijani. Penye kushikwashikwa na mkono hubaki paking'aa, hata pakakonda. Tarumbeta hii ilikuwa na rangi moja ya kahawia, sawasawa kutoka mdomoni hadi shingoni, mpaka ndani ya maungio ambako mkono haufiki wala upepo haupigi. Nilipokwangua kidogo kwa ukucha pembeni ikainuka ngozi nyembamba ya vanishi. Uzee ule ulitiwa kwa dawa, kisha ukafunikwa usitoke.

Mbao nilimwachia jirani yao, mchongaji wa milango. Sipendi kubishana na watu wa mbao kuhusu mbao. Alilipindua sanduku, akatafuta mahali ambapo vanishi haikufika, akapakwaruza, akapanusa. "Si mkangazi huu, wala si msaji. Embe," akasema. "La mtumbwi." Mjukuu akacheka kwa adabu. Kitako chenyewe kilikuwa plaiwudi, kimeshikwa kwa gundi nyeupe na pini za stepla.

Skrubu ndizo zilizonishughulisha zaidi. Zote zilikuwa za nyota. Skrubu ya aina hii ilipata hataza mwaka 1936 kwa jina la Henry Phillips wa Portland, Marekani, na ndipo ilipoanza kuingia viwandani. Mashine ya mwanzoni mwa karne haiwezi kuzaliwa nazo. Hapo kuna hadhari ya kuchukua, maana skrubu hubadilishwa. Fundi yeyote aliyepoteza ya zamani angeweka aliyonayo mfukoni, na skrubu moja ya nyota haikuambii zaidi ya kwamba kuna mtu alipita hapo baadaye. Lakini skrubu hizi zilikuwa hata kwenye bracketi inayobeba shingo ya tarumbeta, na nilipozitoa hapakuwa na tundu la pili chini yake, wala alama ya skrubu nyingine iliyowahi kukaa pale. Mbao ilitobolewa mara moja tu, na ilitobolewa kwa ajili ya hizi.

Kuhusu kile kibao cha mbwa sina mengi. Ni kikubwa mno, na mbwa mwenyewe ana sura ya mbuzi. Nitasema tu, kwa kuwa wengi hawalijui, kwamba picha ya asili nayo ilibadilishwa mashine. Mchoraji Francis Barraud alimchora mbwa Nipper akisikiliza fonografu, mashine ya Edison ya kutumia mcheduara wa nta. Kampuni ya Gramophone ilipotaka kuinunua mwaka 1899 ikamwomba aifute ile fonografu, achore juu yake gramafoni ya mvumbuzi Berliner, ya santuri bapa. Akafanya. Ukiitazama picha ile ya kwanza kwa pembe ya mwanga inayofaa, umbo la mashine ya chini bado huonekana. Nilimsimulia mjukuu haya nikidhani yatampoza, kumbe yalimchosha. Alitaka kujua kama laki moja na ishirini ipo au haipo.

Basi tukafungua ndani.

Kabla ya kuitoa mota niliiachia izunguke hadi kamani ikaisha nguvu yote. Hili si la kurukwa na mtu yeyote anayejifunza kazi hii. Kamani ya gramafoni ni utepe mrefu wa chuma uliosokotwa ndani ya kikombe, na ikichomoka ikiwa imejaa hukata vidole kabla hujajua kimetokea nini. Ilipozunguka ilikuwa ikitoa mdundo kila baada ya muda, mzito, kama mtu anagonga mlango wa chini. Grisi iliyokauka hufanya hivyo: mizunguko ya kamani hunatana, kisha huachana kwa kishindo.

Nilitarajia kukuta mota ya bati jembamba, kama zinavyokuwa nyingi za masanduku haya. Sikuikuta. Ilikuwa mota ya kiwanda hasa. Fremu nzito, meno ya giya yaliyokatwa safi, gavana, yaani kidhibiti mwendo, yenye vizito vyake juu ya vijispringi bapa, na kipande cha ngozi cha kuigusa na kuizuia isikimbie. Ilikuwa na kutu ya kweli, tena yenye mapendeleo: nyingi upande mmoja, kidogo upande wa pili. Sahani iliyokaa juu yake nayo ilikuwa ya zamani, felti yake imeliwa na nondo, ila ukingoni ilikuwa imelainika pale ambapo vidole huinua santuri.

Mjukuu akafurahi. "Si nilikwambia?"

Lakini mota na sanduku havikuwa vya nyumba moja. Mota ilining'inia chini ya plaiwudi na kujaza sehemu ndogo tu ya kina cha sanduku, na chini yake palibaki nafasi ya kuweka kilo mbili za sukari. Mota bapa namna hii hutengenezwa kwa ajili ya kasha la kimo kifupi. Tundu la hendeli ubavuni mwa sanduku lilikuwa limepanuliwa kwa tupa, vibaya, ili mti wa hendeli upite. Na bolti zilizoishika zilikuwa za milimita, zimelazimishwa ndani ya matundu yaliyokatwa hesi za Kiingereza, mpaka hesi zenyewe zikasagika. Kiwanda hakifanyi hivyo. Aliyefanya hivyo ni mtu aliyekuwa na mota mkononi na sanduku mbele yake, akataka viungane kabla ya magharibi.

Hapa ndipo watu wengi wangefunga kesi: sanduku la India, mota ya gramafoni ya mkononi, bandia, kwaheri. Ni kweli kwamba karakana za India zilitumia sana mota zilizong'olewa kwenye gramafoni za mkononi, na ningeweza kuandika hivyo nikaenda zangu. Lakini mota inayotoka karakana kwa kawaida huwa imesafishwa na kupakwa rangi, na bolti zake walau zinalingana. Hii ilikuwa na kazi ya fundi wa mtaani, tena fundi wa huku kwetu. Nikauliza kama nyumbani kuna kasha lolote jeusi la zamani, la kufunga na kubeba mkononi.

Mjukuu akasema hakuna. Bibi yake, aliyekuwa ameketi ndani muda wote anatusikiliza, akasema lipo. "Ile ya babu yenu ilikuwa nyeusi. Ukaifunga, ukaitukua. Hii ya ua aliinunua ami yenu Mombasa, wakati wa kuoa." Ua aliita ile tarumbeta ya petali. Nikamwamkia upya, nikamwomba radhi kwa kelele zetu, nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu kwamba wageni walikuwa wakiipenda ile ya ua, na yeye hakuona ubaya.

Kasha lilikuwa ghalani chini, chini ya nyavu, limefanywa la kuwekea misumari na makufuli. Mbao iliyovishwa kitambaa cheusi cha kuiga ngozi, pembe zimechunika, hendeli ya kubebea imekatika. Ndani ya kifuniko palikuwa na mbwa mwingine, mdogo, wa rangi ya dhahabu, nusu amebanduka. Huyo hakuwa na sura ya mbuzi. Kwenye ubao wa juu kulikuwa na kibao kidogo cha kampuni na nambari ya modeli: 102. Mkono wa kupitishia sauti ulikuwapo, umekwama kwa kutu. Kichwa cha sindano hakikuwapo. Sahani haikuwapo. Mota haikuwapo, palipokuwa pake palikuwa na tundu.

Modeli 102 anayeijua hataniuliza kwa nini niliinama. Ilianza kuuzwa 1931 na kiwanda cha Hayes, nje ya London, kikaendelea kuitengeneza hadi miaka ya 1950. Ni gramafoni isiyo na tarumbeta ya nje: njia ya sauti imekunjwa ndani ya kasha, inatokea nyuma ya sahani, na kifuniko kilichoinuliwa kinaitupa sauti mbele. Kwa sikio langu hakuna mashine ya mkononi iliyoizidi. Nimewahi kuisikia ikijaza baraza la nje na wikio lake, kile chumba kilichovuka juu ya njia, bila umeme, bila betri, kwa nguvu ya mkono uliozungusha hendeli tu.

Sasa swali likawa jingine: je, mota iliyo ndani ya sanduku la pembe nane ndiyo iliyotoka kwenye kasha hili?

Nilichukua karatasi ya kufungia samaki, safi, nikaibandika upande wa chini wa ubao wa kasha, nikaisugua kwa penseli mpaka matundu yakajitokeza: la katikati la mti wa sahani na yale ya skrubu. Kisha nikaichukua nikailaza juu ya fremu ya mota. Yakakaa. Umbali kutoka mti wa sahani hadi mti wa hendeli nao ukalingana na tundu la ubavuni mwa kasha, ambalo lilikuwa bado na kikombe chake cha chuma, hakijaguswa na tupa. Mjukuu akaona imekwisha. Haikuwa imekwisha, kwa sababu mota yoyote ya modeli ile ingekaa vilevile. Kulingana kwa matundu kunathibitisha aina, hakuthibitishi nafsi.

Kilichothibitisha nafsi ni kutu. Nilisema mota ilikuwa na kutu nyingi upande mmoja. Chini ya ubao wa kasha, kuzunguka tundu moja la skrubu, kulikuwa na doa la kutu lisilo la duara: limekatika upande mmoja kama limeumwa, na mkia mwembamba unashuka kuelekea ukutani mwa kasha. Maji yaliwahi kuingia pale. Kwenye fremu ya mota, mahali pale pale palipogusana na ubao, kulikuwa na kutu yenye umbo lile lile limegeuzwa, mkia na kilichoumwa, na ndani ya kutu ile kumenasa nyuzi mbili tatu nyeusi za kitambaa. Niliutoa mwangaza wa simu, nikaviweka vitu viwili bega kwa bega, nikamwita mchongaji aje aone naye. Baada ya hapo sikuwa na shaka.

Na yule ami, alipopigiwa simu, akakumbuka. Gramafoni ya ua aliinunua kama pambo, mota yake ilikufa upesi, na fundi mmoja akamwambia kuna mota nzima inalala bure ghalani. Wakaihamisha, na sahani juu yake. Ikaimba harusini. Baadaye yeye akahamia Mombasa, fundi akafa, na hadithi ya babu ikahama pamoja na mota kutoka kasha jeusi hadi sanduku la ua. Simlaumu mtu hapo. Sehemu ya babu ilikuwa kweli ndani ya lile sanduku, inazunguka.

Tarehe lakini hazikubali kuhama. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kurekodi kwa HMV mwaka 1928. Modeli 102 haikuwapo 1928. Iliyokuwapo ni 101, iliyotangulia kuanzia 1925, nayo inafanana vya kutosha kumchanganya asiyezoea, ila kibao cha kasha hili kinasema 102. Kwa hiyo ama babu alinunua mashine hii miaka kadhaa baada ya safari ya Siti, ama alikuwa na nyingine kabla yake. Naelekea la kwanza. Wazee wetu hawakuhesabu kwa kalenda ya ukutani. Walihesabu kwa mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, mwaka wa Siti, na "mwaka wa Siti" ungeweza kunyooka miaka mitano kwa sababu santuri zake zilizidi kuwasili. Kwamba aliinunua Bombay hakuna kinachokataa wala kinachokubali. HMV ziliuzwa pia Mombasa na Unguja. Katika ripoti niliandika "iliyotengenezwa 1931 au baadaye" na nikasita hapo.

Ningeweza kuibana tarehe zaidi kama kichwa kingekuwapo. Kichwa ni kile kikombe kidogo kinachobeba sindano na kiwambo, utando mwembamba unaotetemeka na kutoa sauti, na 102 ilibadilishiwa vichwa kadiri miaka ilivyokwenda. Vinavyojulikana zaidi ni 5A na 5B, vyote vya kiwambo cha alumini. Kwa bahati mbaya kichwa ndicho kinachopotea kwanza katika gramafoni yoyote. Kinachomoka kwa kukizungusha tu, kinaingia mfukoni, na kinakaa kwenye mashine nyingine. Usimhukumu mtu wala mashine kwa kichwa.

Kilichokuwa kwenye mkono wa sanduku la ua kilikuwa kimeandikwa Exhibition, jina la kichwa maarufu cha HMV na cha Victor, kampuni ya Marekani, cha mwanzoni mwa karne. Cha kweli kina kiwambo cha ulanga, madini ya matabaka membamba, na maandishi yake ya hataza yamechongwa kwa makali ambayo ukipitisha ukucha unayahisi. Hiki maandishi yake yalikuwa yamelegea, herufi nyingine hazisomeki, na kiwambo kilikuwa plastiki. Ulanga hutambulika kwa ukingo wake: ni matabaka, na penye ukongwe matabaka hayo huanza kuachana na kuonyesha weupe. Plastiki haina matabaka. Msiuchome kwa kiberiti kuujaribu, kama nilivyoona fundi mmoja akifanya. Ulanga hauungui, lakini mpira unaoushika pembeni unaungua, na kichwa chote kinakwenda.

Santuri zenyewe zilikuwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zimesimamishwa nyuma ya bakuli. Nzuri kwa mapambo, mbaya kwa santuri, kwani zilizoinama zilikuwa zimepinda kwa joto. Za mizunguko 78 kwa dakika zilikuwa na mikwaruzo ya sindano iliyotumiwa mara nyingi; sindano ya chuma ni ya upande mmoja wa santuri, kisha itupwe, na atakayeona ni ubadhirifu atalipa kwa santuri. Kulikuwa pia na moja ndogo ya mzunguko wa 45, ya vinaili, iliyokatwakatwa kabisa. Watoto waliijaribu kwenye gramafoni. Kichwa kizito namna ile hakicheki na vinaili. Niliwaomba jambo moja, wasizifute za zamani kwa spiriti, maana santuri hizi zimeshikwa kwa utomvu wa mdudu wa lakri na spiriti huuyeyusha. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo kinatosha.

Tukarudi kwenye pesa. Mjukuu alipendekeza niandike tu kwamba mota ni HMV, jambo ambalo ni kweli, na mnunuzi asome atakavyosoma. Nilikataa, na nadhani ningekataa hata kama mnunuzi angekuwa mjinga, ambaye hakuwa. Lakini nilimpa hesabu nyingine. Akiuza sanduku na mota yake kwa pamoja anauza pambo lenye mota isiyo yake, na anabaki na kasha tupu lisilo na thamani kwa mtu yeyote. Akirudisha mota kwenye kasha anabaki na 102 karibu kamili, mashine ambayo wakusanyaji wanaitafuta kwa sababu inapiga vizuri, na sanduku la ua bado ni pambo, kwa sababu tangu mwanzo halikuwa zaidi ya pambo. Bibi ndiye aliyeamua. Alitaka ile nyeusi irudi kusema.

Mnunuzi naye alikuwa na hofu kwamba kitu cha zamani hakitoki nchini. Kwa sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, kitu cha kale kwa maana ya sheria ni kile kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na gramafoni ya santuri bapa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuuzwa ng'ambo wakati huo. Hofu hiyo angeiweka kwenye milango. Mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wetu kabla ya 1946 imo ndani ya ulinzi wa sheria hiyo, na nilimwambia hivyo waziwazi kwa sababu niliona jicho lake likienda mlangoni.

Kazi ya kurudisha haikuwa ngumu, ilikuwa chafu. Kamani niliitoa ndani ya gunia na glavu nene, nikaiosha kwa mafuta ya taa mpaka grisi nyeusi ikaisha, nikaipaka mpya. Hesi zilizosagika ilibidi zikatwe upya kidogo zaidi. Tundu nilizitia skrubu za kichwa cha mfereji, si kwa kudanganya, bali kwa kuwa za nyota zingekera macho yangu kila nikipita. Ngozi ya gavana nilibadilisha, nikaitia tone la mafuta ya cherehani. Mkono uliokwama ulikubali baada ya kulala kwenye mafuta usiku kucha.

Kichwa kilipatikana kwa mkusanyaji wa Nairobi, 5B. Nilimwomba picha za nyuma kabla ya kulipa. Mpira wa nyuma, unaokiunganisha kichwa na mkono, hukauka ukawa mgumu kama kauri, na kichwa kikishikwa kikavu hivyo hulia kwa ukali na kuichimba santuri. Pia baadhi ya vichwa vya zamani vilimiminwa kwa aloi ya zinki inayovimba na kupasuka kwa miaka, na hiyo haina dawa. Ukiona nyufa nyembamba nyuma yake, mrudishie mwenyewe kwa salamu nzuri. Hiki kilikuwa kizima, ila mpira ulikuwa umekauka. Ule wa pembeni mwa kiwambo niliweka mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli, kwa sababu ndio uliokuwapo dukani na unafanya kazi.

Kasi niliipima kwa kipande cha karatasi kilichochomoza ukingoni mwa santuri, nikihesabu kinavyopita: 39 kwa nusu dakika ni 78 kwa dakika. Ilikuwa juu kidogo, nikaivuta kwa kijiti cha gavana. Bibi alichagua santuri mwenyewe, moja iliyopinda kidogo kuliko nyingine, na akataka sauti iwe kubwa zaidi. Nikamwambia gramafoni haina kitufe cha sauti. Ukubwa wa sauti uko kwenye sindano, nene au nyembamba. Akasema basi weka nene.

Sanduku la ua lilinunuliwa na yule yule wa Shela, kwa elfu kumi na tano, bila mota, kwa sababu alichokuwa akikitaka tangu mwanzo ni kitu cha kuweka karibu na ngazi. Risiti niliiandika mimi kwa ombi la pande zote mbili: "Pambo la umbo la gramafoni, kazi ya India, sanduku la mwembe, tarumbeta ya shaba, halina mota, kibao cha mbele si cha kiwanda." Mjukuu aliisoma, akauliza kama lazima lile neno la mwembe liwemo. Nikamwachia.